Soma Shingo Kwanza

Naendesha basi la usiku hapa London. Zamu yangu huisha alfajiri, na siku ya Ijumaa, badala ya kwenda kulala, hushukia Bermondsey kwenye soko la vitu vya kale. Majira ya baridi saa hizo bado ni giza. Wauzaji wanashusha masanduku kutoka kwenye magari, wanunuzi wanazunguka na tochi mkononi, na hakuna anayepaza sauti. Hapo ndipo nilipokipata kiko cha tumbaku ninachokipenda kuliko vyote nilivyo navyo. Kilikuwa ndani ya kopo la biskuti, kimelaliana na vijiko, funguo zisizo na kufuli na saa zilizosimama.

Kilikuwa cheusi kwa masizi. Mdomo ulikuwa umepauka, una rangi ya tope la mikokoni. Ukoko ulikuwa umejaa ndani hata kidole cha mwisho hakiingii. Lakini shingoni kilivaa pete nyembamba, na nilipoisugua kwa dole gumba ikatoa mng'ao mzito, ule ambao bati halina. Nikailaza tochi ubavuni mwa pete. Simba mdogo akajitokeza, anatembea, mguu mmoja wa mbele juu. Nikamuuliza mama mwenye meza bei. Pauni 15. Nikamuuliza na kilikotoka. Akasema kwenye nyumba moja huko Kent, wenyewe walikuwa wakihama. Nikalipa bila kuomba punguzo, nikakitia mfuko wa ndani wa koti.

Swali la kilikotoka huwa siliachi, na Bermondsey lina uzito wake. Hadi Januari 1995 ilikuwepo sheria ya kale ya Kiingereza iliyomlinda mtu aliyenunua kitu kwa nia njema kwenye soko la wazi, kati ya mawio na machweo, hata kama kitu hicho kilikuwa kimeibwa. Bermondsey lilikuwa miongoni mwa masoko hayo. Sheria imefutwa, na ni vizuri imefutwa. Mimi kila kiko ninachonunua nakiandikia kadi: nimekinunua wapi, kwa nani, lini, chapa zinasemaje, nini nina hakika nacho na nini nakisia tu. Kadi ninazo 41 sasa.

Nakusanya viko vya Kiingereza vya mzizi wa braya, vya zamani. Watu wengi huniuliza vinagharimu kiasi gani. Wachache sana huuliza nimejuaje kwamba kiko fulani ni cha fundi fulani wa mwaka fulani. Hao wachache ndio ninaowaandikia.

Kwanza maneno. Kwa muda mrefu nilishindwa kuandika habari hizi kwa Kiswahili kwa sababu nilidhani tuna neno moja tu, kiko, basi. Aliyenisahihisha ni shangazi yangu wa Tanga. Nilimpigia simu ya video jioni ile ile nikamwonyesha kiko cha Bermondsey.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nini hicho, kiko? Umeanza kuvuta wewe?"

"Sivuti, shangazi. Nakusanya tu."

"Hebu kigeuze. Mbona bori lake dogo hivyo? Na shilamu fupi, si utaungua ulimi?"

Nikamwomba arudie. Babu yake, akanieleza, alikuwa na kiko cha maji. Kifuu cha nazi kilichotiwa maji ndicho hasa kiko. Juu yake hukaa bori, chombo cha udongo kinachotiwa tumbaku na kaa la moto. Bori hushuka majini kwa mrija uitwao digali, na mvutaji huvuta kwa shilamu. Ule mgugumo wa maji nao una jina lake, malio ya kiko. Kiko cha Mwingereza hakina maji wala digali, lakini bori kinalo na shilamu kinayo, na tangu siku hiyo sijatumia maneno mengine. Kile kipande cha mbao kinachotoka kwenye bori kwenda kukutana na shilamu nakiita shingo. Shingo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, kwa sababu ndipo fundi alipogonga chapa yake.

Turudi jikoni kwangu, kiko kiko chini ya taa. Nilianza na pete. Fedha ya Kiingereza ina desturi nzuri ya kujieleza yenyewe: kila kipande kilichopimwa hupigwa mihuri midogo kwa mstari. Simba anayetembea maana yake ni fedha halisi, sehemu 925 katika kila 1000. Baada yake huja alama ya mji uliopima. Kichwa cha chui ni London. Nanga ni Birmingham. Taji lilikuwa la Sheffield mpaka 1974. Miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, ambako ofisi ilifungwa 1962. Kisha, kwenye vipande vya zamani, huja herufi moja, na herufi hiyo ni mwaka.

Hapa ndipo wageni hukosea. London ilitumia herufi 20 kwa mzunguko, ikiiruka J na kuishia U, halafu ikaanza tena na A kwa umbo jingine la herufi. Mzunguko mmoja ulianza 1916 kwa herufi ndogo za Kigothi, zile za mtindo wa kale, unaofuata 1936 kwa herufi kubwa, mwingine 1956 kwa herufi ndogo. Kwa hiyo haitoshi kusema "nimeona F". Ni F ya namna gani? Yangu ilikuwa ndogo, ya Kigothi, yenye mkia. Hesabu kutoka a ya 1916 mpaka f: ni 1921. Na kwa kuwa London siku hizo ilibadilisha herufi mwezi Mei, pete yangu ilipimwa kati ya Mei 1921 na Mei 1922. Upande wa chini mtu alichora kwa mkono mwepesi herufi tatu, J.T.W., na tarehe 25.12.22. Zawadi ya Krismasi. Kwa hiyo kilikaa dukani miezi kadhaa kabla hakijapata mwenyewe.

Nilikaa kimya kidogo nilipoisoma tarehe ile. Niliwaza mtu akifungua karatasi asubuhi ya sikukuu, miaka minne tu baada ya vita vile vikubwa.

Muhuri wa mwisho kwenye pete ulikuwa wa mwenye karakana: EB juu, WB chini. Hao ni Edward na William Barling. Lakini nikajizuia kushangilia, kwa sababu pete inaweza kudanganya. Kiko kikipasuka shingo, fundi wa matengenezo hukivalisha pete kuibana nyufa, na pete hiyo huweza kuwa ya miaka mingi baada ya kiko chenyewe. Dalili ya pete ya matengenezo ni kwamba mara nyingi imekalia sehemu ya maandishi ya mbao. Ukiona neno linaingia chini ya fedha likapotea, uliza kwa nini. Langu halikupotea. Nilifuta masizi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nikailaza taa mpaka mwanga ukawa unateleza juu ya mbao, na maneno yakainuka: BARLING'S kwa upinde, na chini yake MAKE kwa mstari ulionyooka.

Barling walianza kama wafua fedha mwaka 1812, wakafunga pete za fedha kwenye viko vya watu wengine kabla hawajawa na jina la viko vyao wenyewe. Ukoo uliishika biashara mpaka 1960, ulipoiuza. Kuanzia 1962 hivi chapa ilibadilika, jina likaandikwa kwa mwandiko wa mlalo, na namba za maumbo zikawa za tarakimu nne. Wakusanyaji wanaugawa ulimwengu wa Barling mara mbili kwa mstari huo, na mimi niko pamoja nao. Nimeshika vya kabla na vya baada. Vya kabla, shilamu yake ni nyembamba mdomoni kama ukucha, imekatwa kwa tupa na mtu aliyejua meno ya binadamu yako wapi. Na ukikutana na Barling yenye herufi EXEL, zinazofanana na neno la Kiingereza la kuwa bora, usidhani kiko kinasifiwa. Ni kipimo cha ukubwa tu. Mpangilio wao unapanda kutoka SS, S, S-M, L, EL na kwenda juu.

Mbao yenyewe sasa. Braya si mti mkubwa. Ni kichaka cha nchi kavu zinazoizunguka Bahari ya Kati, jina lake la kisayansi Erica arborea, na kati ya mizizi na shina lake hukua kifundo kigumu. Kifundo hicho huchukua miongo kadhaa kufikia ukubwa wa kichwa cha mtu. Wachimbaji hukitoa ardhini, hukifunika kisikauke ghafla kikapasuka, hukikata kwa msumeno vipande vya ukubwa wa kiko, hukichemsha saa nyingi kutoa utomvu, kisha hukianika miezi, pengine miaka. Mbao hii haishiki moto upesi, na inafyonza unyevu wa moshi bila kuoza. Mabingwa wa kwanza walikuwa Wafaransa wa Saint-Claude, katika milima ya Jura, miaka ya 1850. Waingereza waliupokea ufundi huo kutoka kwao, na baadhi ya majina makubwa ya London yalikuja na Wafaransa wenyewe: Emil Loewe alifungua London 1856, na Henri Comoy alihamia 1879 akitoka kwenye ukoo wa mafundi wa Saint-Claude.

Mizizi ilitoka Korsika, Sardinia, Kalabria, Ugiriki, na Algeria. Ya Algeria ilisifiwa sana na Barling na wengine. Napenda kuikumbuka hiyo ninaposhika kiko kilichoandikwa "London Made" kwa fahari: mbao yake huenda imechimbwa Afrika na mkono wa Mualgeria ambaye jina lake halikugongwa popote. Na mmea huu huu tunao sisi. Waliopanda Kilimanjaro wameupita, pale msitu unapokwisha na vichaka vyenye ndevu za kuvu vinapoanza. Hapo ni Erica, na mmoja wao ndiye huyu arborea. Kwetu sijasikia aliyemchimba kwa ajili ya viko, na tumshukuru Mungu, maana mlima ule unahitaji kila kichaka kilichobaki. Viko vya Arusha vilikuwa vya namna nyingine, vya jiwe jeupe jepesi ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari, lililochimbwa upande wa Amboseli. Viligongwa chapa ya tembo, na vingine viliandikwa neno moja tu, KIKO. Nimekiona kimoja mezani hapa London, mwenye meza hajui kwamba chapa ile ni neno la Kiswahili lenye maana ya kitu chenyewe. Nikamwambia. Alifurahi mno, akaandika kwenye kikaratasi cha bei.

Jina ambalo kila mtu analijua ni Dunhill. Alfred Dunhill alifungua duka la tumbaku mtaa wa Duke, London, 1907, na miaka michache baadaye akaanza kutengeneza viko vyake. Ile nukta nyeupe juu ya shilamu, ambayo leo watu huinunua kama wanunuavyo nembo ya gari, ilianza kwa sababu ya kawaida kabisa. Shilamu zilichongwa kwa mkono, upande wa juu haukuwa sawa na wa chini, na mteja akizichomoa kusafisha alizirudisha kichwa chini. Nukta ilimwonyesha juu ni wapi. Hiyo ni mwaka 1915. Mwaka 1917 ikaja Shell, kiko kilichopigwa mchanga kwa nguvu ya hewa mpaka mbao laini ikaliwa na mishipa migumu ikabaki imesimama. Pitisha kidole juu yake: ni mwamba wa matumbawe uliolambwa na mawimbi.

Dunhill wa zamani anasomeka kwa tarehe. Mwishoni mwa neno ENGLAND, baada ya D, kuna kinamba kidogo. Lakini namba zilirudiwa kwa miongo tofauti, kwa hiyo 5 peke yake inaweza kuwa 1925 na inaweza kuwa 1965. Inabidi uisome pamoja na jirani zake. Kama kuna namba ya ukubwa ndani ya duara ikifuatiwa na herufi, tuseme 4 kwenye duara kisha S ya Shell, basi 1925 imekwisha kutoka, kwa maana utaratibu wa duara ulikuja miaka ya 1950. Kama kuna namba ya hataza, kama ile 119708/17 ya Shell, unarudi nyuma. Chapa moja haitoshi kamwe. Ni kama kesi barazani: unamsikiliza shahidi wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo unasema.

Na kwa ajili ya nukta ile watu wanaibiwa. Shilamu ya Dunhill huchomolewa kwenye kiko kilichoungua, ikapachikwa kwenye kiko cha kawaida, au nukta nyeupe hutobolewa kwenye shilamu yoyote na kuuzwa. Mimi mwenyewe nililipa pauni 90 kwa kiko cha namna hiyo, kwa muuzaji aliyenitazama usoni akaniapia. Shilamu ilikuwa kweli ya Dunhill. Shingo ilikuwa imesuguliwa laini kama paja la mtoto, haina hata herufi. Ningeisoma shingo kwanza nisingelipa. Tangu hapo mbao ndiyo naisikiliza mwanzo, shilamu baadaye, na mdomo wa muuzaji mwisho.

Habari ya nukta ina tawi lake ninalolipenda. Joel Sasieni alikuwa fundi, akafanya kazi Charatan, karakana nyingine ya London, akafanya kazi Dunhill, kisha 1919 akaanzisha karakana yake. Naye akaweka nukta, na Dunhill wakalalamika. Kwa viko vya kwenda Marekani akaamua kuweka nukta nyingi, nane kwanza, kisha nne za buluu nyepesi zilizopangwa kama almasi. Maumbo yake mengine aliyapa majina ya miji. Ashford, kiko kilichopinda shingo, ninacho kimoja, na nukta zake nne zimefifia kidogo zikawa na rangi ya maji ya bahari ya asubuhi. Ukoo wa Sasieni uliishikilia kazi hadi 1979.

Comoy nao walikuwa na herufi C ubavuni mwa shilamu, na hapa chukua lenzi, kwa sababu herufi hii ina siri. Kwenye viko vyao bora vya zamani haikuchorwa wala kupigwa rangi. Fundi alitoboa tundu, akapachika kiduara cheupe. Ndani ya kiduara cheupe akatoboa tundu dogo zaidi, akapachika cheusi, ikabaki pete nyeupe. Kisha akatoboa ubavu wa pete hiyo na kupachika cheusi tena, pete ikafunguka ikawa C. Vipande vitatu kwa herufi moja isiyozidi ukubwa wa punje ya mtama! Baadaye waliacha, C ikawa ya kipande kimoja, na mwisho ikachomwa kwa mashine. Kwa hiyo C peke yake inakupa enzi kabla hujasoma neno lolote. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha ufundi wote wa London, kuliko Shell, kuliko fedha ya Barling, na najua wapo watakaokataa.

Charatan, aliyeanza 1863, tutamwachia siku yake. Kwa leo jua tu kwamba shingoni mwake ukiona L ya madoido ndani ya duara, inayofanana na alama ya pauni, kiko hicho ni cha baada ya 1955, cha enzi ya Lane, mfanyabiashara wa Marekani aliyekuja kuinunua kampuni. GBD, jina jingine la viko, walianzia Paris wakaja London mwanzoni mwa karne ya 20. BBB ndani ya almasi ni kampuni ya Frankau, na herufi zile zilianza zikiwa za Blumfeld, aliyeiendesha baada yake. BBB ni pa kuanzia pazuri kwa mwenye mfuko mwepesi: vipo vingi, mbao nzuri, na watu hawavigombanii.

Sasa niseme lililonifanya niandike makala hii. Kiko changu cha kwanza kabisa nilikinunua kwenye duka la hisani kwa pauni 3. Kilikuwa kimechakaa. Nikaenda nyumbani, nikatafuta msasa, nikakaa kibarazani siku nzima ya mapumziko nikisugua. Nilisugua bori, nikasugua ukingo, nikasugua shingo pande zote mbili. Kikatoka kinang'aa, mishipa ya braya inaonekana kama miali ya moto. Nilijivuna. Miezi miwili baadaye, nilipokwisha kujifunza kidogo, nikakichukua kukisoma. Zimebaki herufi tatu: DON. Mwisho wa LONDON. Kilichokuwa juu yake, kilichokuwa mbele yake, jina la mtu aliyekichonga, umbo, namba, vyote viligeuka vumbi mikononi mwangu na nikavipuliza kwa mdomo vikaenda kwa jirani. Nimekijaribu kwa unga wa chaki, kwa mwanga wa ubavuni, kwa picha za simu zilizokuzwa. DON. Hakuna njia ya kurudisha mbao iliyokwisha kwenda.

Kadi yake ninayo, na penye jina la fundi nimeandika: nilimfuta mimi.

Kwa hiyo kama una kiko cha zamani, labda cha mzee wako, tafadhali, msasa uuweke mbali. Kwanza piga picha shingo pande zote mbili na chini, taa ikiwa imelala ubavuni. Kama herufi ni hafifu, paka unga wa chaki kwa kidole kisha ufute juu juu. Unga utabaki kwenye mashimo ya herufi. Kisha safisha. Shilamu usiizungushe kwa nguvu, na kamwe usiichomoe kiko kikiwa cha moto, ulimi wake unaoingia shingoni utakatikia ndani. Ikigoma, weka kiko kwenye friji kwa nusu saa kisha ujaribu taratibu. Ndani pitisha vijiti vya manyoya vilivyochovywa kwenye spiriti, kimoja baada ya kimoja. Kiko cha Bermondsey kilikula 60 kabla kijiti hakijatoka cheupe. Ukoko wa ndani upunguze kwa kisu butu mpaka ubaki unene wa sarafu. Usiumalize, maana ndio unaokinga mbao. Usikiloweke majini. Rangi ya tope kwenye shilamu ni salfa ya ule mpira mgumu uitwao valkanaiti ikipanda juu kwa mwanga na hewa, na inaondoka kwa kusugua na dawa ya meno na subira, ukiiepuka nukta au herufi iliyopachikwa. Shilamu ya kaharabu au ya pembe usiifanyie hayo. Ipanguse tu.

Masizi ya shingo yaondoe kwa kitambaa na mate. Ndiyo, mate. Wataalamu wa makumbusho hutumia njia hiyo kwa vitu vingi, na herufi haziliki.

Wapo wakusanyaji wasemao kiko kisichovutwa ni maiti. Siwafuati. Tumbaku ilimwondoa babu yangu mzaa mama akiwa hajafika sitini, na sipendi moshi wake. Ninachokipenda ni kazi ya mikono, na ushahidi wa maisha ya mtu ulioachwa kwenye kitu kidogo kiasi cha kuenea kiganjani.

Juzi nilimpigia shangazi tena. Kiko cha Bermondsey sasa ni kisafi: bori la rangi ya asali iliyokolea, shilamu nyeusi, pete imepanguswa tu ili mihuri isiliwe. Nikakisogeza karibu na kamera. Macho yake si mazuri siku hizi, akaivuta simu mpaka nikawa naona jicho moja.

"Kilaze. Hapana, kama mtu anavyokitia mdomoni. Hapo. Huo ukingo mbona umeungua upande mmoja?"

Nikatazama. Nimekuwa nacho miaka sita na sikuwahi kulizingatia. Ukingo wa bori umebabuka upande wa kulia wa mvutaji, kidogo tu, mahali pamoja.

"Babu alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Kaa alilileta kwa mkono wa kulia siku zote, bori likaungua kulia. Huyo naye alikiwasha kwa mkono wa kulia. Na meno je?"

Nikaigeuza shilamu. Alama za meno zipo, mbili juu, moja chini, zote upande wa kushoto.

"Basi alikiuma kushoto, mkono wa kulia uwe huru. Huenda alikuwa mtu wa kuandika. Au fundi."

Nikachukua kadi. Chini ya Barling, chini ya London 1921, chini ya J.T.W., nikaandika: aliwasha kwa mkono wa kulia, aliuma kushoto. Kisha pembeni nikaongeza jina la aliyeliona, Shangazi, Tanga, na tarehe.